Mkono Kwenye Nguzo ya Daraja

Kiwandani walimwita Mama Vibati, na aliyelibuni jina hilo alikuwa na ulimi mbaya, maana mwanamke hakuwa na mtoto hata wa dawa. Alichokuwa nacho ni vibati vyenyewe: vipande vya chuma chembamba alivyovisafisha, akavipaka rangi mpya za kiwanda, akavichora msalaba kwa ncha ya wembe mpaka chuma kikaonekana, kisha akavilaza katika kabati la chumvi. Kabati hilo lilikuwa sanduku kubwa lenye kifuniko cha kioo, na ndani yake ukungu wa maji ya chumvi ulipulizwa bila kupumzika. Kibati kikikaa mle wiki chache huonja mateso ambayo geti la mtu huyaonja kwa miaka. Kila asubuhi alifungua kifuniko, mvuke ukamlowesha nyusi, akasema, "Wanangu, mmeamkaje?" Kisha akavitoa kimoja kimoja kuona kutu imetambaa kiasi gani kutoka kwenye ule mchoro. Watu walicheka. Jina la kejeli alilivaa mpaka likamkaa, na aliyelibuni akabaki hana la kusema.

Chumba chake kilikuwa na sheria moja: hakuna kugusa chuma kilichosafishwa kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi. Ukigusa leo, ukapaka rangi juu yake, rangi itang'aa, utajisifu, utakula chakula chako cha mchana kwa raha; lakini baada ya muda kutu itachomoza palepale, ikiwa na umbo la vidole vyako. Kikulacho ki nguoni mwako, na rangi ni nguo tu. Kibati kilichoguswa kilitupwa kwenye pipa la chuma chakavu, na hapakuwa na rufaa.

Ndivyo alivyompata mumewe. Asubuhi moja alifungua kabati akakuta kibati kikubwa cha maonyesho kimeota mkono. Vidole vyekundu vimetandazwa, dole gumba limekaa pembeni, na kidole cha kati kimeishia katikati. Hasira zikampanda. Alikibeba kile kibati akazunguka nacho kiwanda kizima, stoo, karakana, hadi jikoni, akiwaamuru wanaume watu wazima watoe mikono kama watoto wanaokaguliwa kucha. Mwisho akamkuta mpaka rangi wa kikosi cha nje, amekaa juu ya debe, kidole chake cha kati kimekatwa na mashine ya kusagia tangu ujana.

"Ni wewe!"

"Ni mimi nimefanya nini?"

"Umenichafulia kibati."

Mwanamume alikitazama, akaweka mkono wake juu ya ule wa kutu. Ukaingia sawasawa. "Basi mimi nimeshaweka sahihi," akasema. "Imebaki wewe tu."

Jitu hilo lilikuwa na jasho kali kupita watu wote. Spana akiishika leo, kesho ina ukoko mwekundu. Wenzake walimwita Chumvi, na Mama Vibati, ambaye kazi yake ilikuwa kupigana na chumvi, akaolewa nayo. Mungu naye ana utani wake. Chumvi alimleta mama yake mzazi akae nao, wakawa watatu katika nyumba ya vyumba viwili, na miaka ikaenda. Kitasa cha mlango, mpini wa ndoo, mshikio wa kikaango, kila alichokigusa Chumvi kiliota kutu, na mkewe akawa nyuma yake na msasa na kitambaa, anasugua, ananung'unika, anasugua.

Kati ya mtaa wao na kiwanda cha rangi palikuwa na mfereji wa kiwanda cha ngozi. Ngozi mbichi hutiwa chumvi zisioze, na maji yake yote yalimwagwa humo, yakitoa mvuke uliouma pua na kunata nguoni. Juu ya mfereji kulikuwa na daraja la chuma la waenda kwa miguu, ngazi huku na ngazi kule, na chuma chochote kilichosimama pale hakikuwa na amani. Chumvi na kikosi chake ndio waliopewa kulipaka upya.

Siku moja ya kazi hiyo glavu yake ilichanika. Jua lilikuwa kali. Alikuwa amekwisha kusugua nguzo iliyoshika ngazi ya upande wa nyumbani, chuma kimebaki cheupe, akahisi kifua kinambana. Akaegemea nguzo kwa mkono wa kulia, akainamisha kichwa, akavuta pumzi, kisha akamwambia mwenzake kwamba anaenda nyumbani kujinyoosha kidogo. Alijinyoosha, na hakuinuka tena. Msibani yule mwenzake alilia akasema, "Shemeji, mimi nilidhani anapumzika tu. Alipoachia nguzo nikapitisha brashi pale pale."

Mama Vibati alilisikia neno hilo na hakulitilia maanani. Akili yake ilikuwa kwingine. Matanga yalipokwisha, alizunguka nyumba akitafuta alama ya mumewe, pale kwenye kitasa, kwenye ndoo, kwenye kikaango. Vyote vilikuwa vinang'aa. Alikuwa amevisugua mwenyewe, kwa bidii, kwa miaka. Hata kile kibati cha kwanza alikitupa kwa mkono wake, sheria ni sheria. Alikaa jikoni na kikaango mapajani akalia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe.

Kisha mvua ilinyesha, na mkono ukatoka.

Aliyeuona kwanza ni mama mkwe. Alikuwa anapanda ngazi na kikapu chake, akashika nguzo apumzike, na mbele ya uso wake, kimo cha kifua cha mtu mrefu, rangi ilikuwa imefura na kupasuka, na chini yake vidole vitano vyekundu, kimoja kifupi. Kikapu kilianguka. Alirudi nyumbani, akamwambia mkaza mwanawe, "Njoo. Yupo darajani."

"Nani, Mama?"

"Nimekwambia njoo."

Walisimama pale wawili, watu wanapita na mizigo, wanawapiga vikumbo, wanawaambia wasogee. Mama Vibati alijua vizuri alichokuwa anakitazama. Angeweza kukieleza kwa mtu yeyote, chumvi, jasho, unyevu, hewa. Mama mkwe aliweka kiganja chake juu ya ule mkono. Halafu akaondoa, akampisha, na Mama Vibati akaweka chake.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Asubuhi Mama Vibati akienda kazini alisimama hapo, akaweka mkono, akasema yaliyomjia: mchele umekwisha, paa linavuja, mama yako hataki dawa. Mchana mama mkwe alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akaegemea nguzo, akakaa muda mrefu. Kiganja juu ya kiganja. Mtaani maneno hayakukosekana. Wengine walivuka wamefumba macho, na nusura mmoja atumbukie mferejini. Mlevi mmoja aliapa kwamba nguzo ilimshika mkono na kumwuliza habari za nyumbani. Mama Vibati aliwaacha waseme.

Hapo ndipo Mkemia alipoingia na unga wake wa kijani.

Alikuwa mpole, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kiwanda kilikuwa kimemwajiri kutengeneza rangi ya kwanza, ile inayopakwa juu ya chuma kitupu kabla ya nyingine. Unga wake ulikuwa polima, yaani plastiki, ila plastiki ya ajabu, inayopitisha umeme. Jina lake kamili lilikuwa refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo wote waliuita unga wa kijani. Siku ya kwanza aliwakusanya akawaeleza.

"Kutu ni wizi," alisema. "Maji na hewa vinakinyang'anya chuma umeme wake, kidogo kidogo. Rangi ya kawaida ni ukuta. Ukuta ukitoboka, mwizi yuko ndani. Hii yangu si ukuta tu. Inashikana na chuma, umeme unapita kati yao, na chuma kinaota ngozi yake nyembamba ya kujikinga. Ukiikwaruza, mkwaruzo unajitibu."

Aliendelea kusema, alisema mengi, lakini Mama Vibati alikuwa amebaki kwenye neno la kujitibu.

Na kweli. Vibati vya rangi ya kijani viliingia kabatini na misalaba yao, vikakaa, vikakaa, na kila asubuhi alipovitoa kutu ilikuwa haijatambaa. Msalaba ulibaki msalaba, mwembamba kama unywele, chuma ndani yake kimefifia kidogo na kutulia. Vya rangi ya zamani vilikuwa vimeshavimba malengelenge na kulia machozi mekundu. Miaka yote ile hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Alimwita Mkemia, wakainamia kabati pamoja, na Mkemia akacheka kama mtu aliyepata mtoto.

"Sasa tunahitaji jaribio la nje," alisema. "Mahali pabaya kuliko pote."

Kila mtu alitaja daraja la mfereji wa ngozi.

Kwa rangi ile, chuma lazima kipigwe mchanga kwa mashine ya upepo mpaka kiwe cheupe, kila nguzo, kila pembe. Na msimamizi wa usafishaji, mwenye neno la mwisho kwamba nguzo hii iko tayari na ile bado, alikuwa Mama Vibati. Alirudi nyumbani siku hiyo hajui aseme nini. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Nasikia daraja litapakwa," mama mkwe alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye je?"

Yule mzee aliacha kuchambua. "Nilimzika mwanangu mara moja," akasema. "Usiniambie nimzike mara ya pili."

Yangekuwa ya mama mkwe peke yake labda angeyashinda. Lakini na yeye alitaka. Alitaka sana, na mtu akitaka sana huwa hakosi sababu. Alijiambia: kama rangi hii inautibu mkwaruzo, basi nikiuzungushia mkono huu pande zote, rangi itaushika hivi hivi ulivyo. Hautakua, hautafutika. Utakaa. Chumvi angekaa nguzoni mwake salama kuliko mtu yeyote aliyewahi kufa.

Wapiga mchanga walipofika kwenye ile nguzo, walikuta kipande cha mpira kimegandishwa juu ya mkono, kimebanwa na gundi pembe zote.

"Hapa vipi?" waliuliza.

"Dirisha la kulinganishia," Mama Vibati alisema. "Kila jaribio lina dirisha lake, kipande cha zamani cha kulinganisha na kipya. Ruka hapo."

Wakaruka. Nani angembishia Mama Vibati kuhusu majaribio? Daraja lilipakwa, kijani kibichi kila mahali, na rangi ilipokauka aliubandua ule mpira kwa kucha zake. Mkono ulikuwa pale, mwekundu katikati ya kijani, kama alivyouacha. Mama mkwe aliugusa akamgeukia. "Mwanangu," akamwambia, neno ambalo alikuwa halitumii ovyo.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mvua zilipita, mvuke wa ngozi ukapita, na daraja likabaki kijani, hakuna lengelenge, hakuna chozi. Mkemia alileta wageni kulitazama. Mama Vibati aliwapitisha upande wa pili wa nguzo.

Lakini mkono ulianza kubadilika. Wekundu ukakolea, ukawa karibu na mweusi. Kisha, asubuhi moja alipoweka kiganja, alihisi kimeingia. Kidogo tu, kama unavyoweka mkono kwenye unga uliokwisha kushikwa na mwingine. Alitoa, akatazama, akaweka tena. Vidole vyake vilikuwa na mahali pa kulala.

Mama mkwe alifurahi. "Umeona? Anatupisha. Anavuta mkono wake ndani ili wa kwetu uingie."

"Mama, chuma kinalika."

"Wewe na chuma chako."

Siku hadi siku mkono ulizama. Jua la mchana lilikipasha chuma joto, na Mama Vibati akipita wakati huo kiganja cha nguzo kilikuwa na joto la mtu, akatoa mkono wake upesi na kuufuta kwenye gauni. Kisha ikaja sauti. Nguzo ile ilikuwa ya mraba, tupu ndani, na akiweka sikio alisikia kitu kikidondoka humo, chepesi, kikikwaruza kuta, kikitua chini. Kimya. Kisha tena. Alijua ni magamba ya kutu. Alijiambia hivyo akiwa amesimama pale, alijiambia hivyo akiwa anaosha vyombo, na bado masikio yake yalisikia kucha. Aliogopa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwogopa mume wake, ikawa anavuka daraja haraka, ananong'ona, "Nakuja jioni, nakuja jioni," kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alilijua hilo, na aliendelea kuficha.

Asubuhi iliyomaliza maneno haikuwa na kitu cha ajabu. Anga jeupe, wafanyakazi wa ngozi wanapanda ngazi na mafurushi vichwani, ngazi inatikisika kama siku zote, au zaidi kidogo. Mama Vibati alisimama, akaweka mkono mahali pake. Kidole chake cha kati kilipita. Hakikugota chuma. Kiliingia mpaka kwenye kiungo, ndani ya giza la nguzo, na humo kulikuwa na unyevu na baridi.

Hakupiga kelele. Alikichomoa, damu inatoka pembeni ya ukucha, akatazama juu. Ngazi nzima ya upande ule ilikuwa imekaa juu ya nguzo ile. Wale wa mafurushi walikuwa bado wanapanda. Mchana ule ule mama mkwe angekuja na kuegemea, kwa uzito wake wote, macho yamefumbwa.

"Shukeni!" Sauti ilimtoka ya mtu mwingine. "Shukeni, shukeni wote! Ngazi haifai!"

Walimtukana kwanza, kisha wakaona uso wake, wakashuka. Alivuta makopo matupu na kamba ya mzigo akaziba njia, akamtuma mpita njia amwite Mkemia, akakaa chini mbele ya nguzo na mgongo wake umeigusa.

Mkemia alifika anahema. Alipiga nguzo kwa kinyundo, juu, katikati, chini. Juu na chini chuma kililia vizuri. Katikati kilitoa sauti ya kopo. Akaona mkono.

"Dirisha la kulinganishia," Mama Vibati alisema. "Ndivyo nilivyowaambia."

"Nani aliliagiza?"

"Hakuna. Ni mkono wa mume wangu."

Mkemia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu wa kufoka, na pengine angefoka ingekuwa afadhali. "Mama Vibati," alisema polepole, "siku ile nilisema. Mkwaruzo mwembamba, rangi inautibu. Lakini ukiacha jeraha pana lenye chumvi, mambo yanageuka. Rangi na chuma vinapitishana umeme, daraja lote linapumzika, na mzigo wote unabebeshwa pale palipo wazi. Ni kama nyumba ambayo mtoto mmoja ndiye anafanya kazi za wote. Ungeliacha na rangi ya zamani, mkono huu ungekaa miaka mingi. Kijani ndiyo imeumaliza."

"Sikusikia," alisema. "Ulisema kujitibu, nikaacha kusikia."

Mkemia aliinama, akalowesha pamba kwa maji safi, akapangusa ndani ya kiganja cha nguzo, akaiweka kwenye kichupa chake cha kupimia chumvi. Alikitazama kwa muda. Kisha akapangusa nguzo ya jirani, akalinganisha.

"Chumvi ya mfereji ipo kila nguzo," alisema. "Hapa ipo mara nyingi zaidi. Na si ya zamani tu; kingo zimelainika, zina mafuta ya viganja vya watu. Nani anashika hapa?"

Mama Vibati alitazama viganja vyake.

Mchana huo fundi wa kuchomelea alikuja, wakaitegemeza ngazi kwa mihimili ya chuma, akakata kile kipande chenye mkono, cheche zikaruka mpaka mferejini. Umati wa watu ulitazama kwa mbali. Kikadondoka kikiwa bado cha moto. Msimamizi mkuu wa kiwanda alikwisha kusema kwamba Mama Vibati asiguse tena kabati la chumvi wala kazi ya nje; atakwenda kujaza makopo, na ashukuru. Alishukuru. Aliomba kitu kimoja tu, kile kipande, na Mkemia akakifunga kwenye gunia mwenyewe akampa.

Alikibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili, amevaa glavu zake za kazi. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Habari zilikuwa zimemfika kabla yake, habari mbaya hazina miguu na bado hutangulia. Alisogeza ungo wa mchele, akaonyesha mahali pa kuweka.

Mama Vibati alifungua gunia. Huko darajani haikuonekana vizuri, kwa kivuli cha ngazi. Hapa, kwenye mwanga wa mlangoni, kila kitu kilikuwa wazi. Kutu iliyobaki ilidondoka wakati wa kukatwa, na mkono umekuwa shimo. Mwanga ulipita kwenye vidole na kuangukia sakafu.

Mama mkwe aliweka kiganja chake juu yake, kama alivyofanya kila mchana. Vidole vyake vilikaa sawasawa. Akaangalia. Akainua mkono, akakisogeza kipande karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye kidole cha kati, kutoka shina hadi ncha, kisha kidole cha pembeni yake, kisha akarudi kile cha kati.

"Kidole kimeota," alisema.

"Mama?"

"Mwanangu hakuwa na kidole hiki."

Mama Vibati alipiga magoti. Alikuwa ameutazama mkono ule kila asubuhi kwa miaka, yeye ambaye kazi yake ni kutazama, na hakuliona. Kidole kifupi hakikuwepo tena. Kilikuwa kirefu kupita jirani zake, kama cha mtu yeyote mzima, kama chake mwenyewe chenye jeraha pembeni ya ukucha. Hakujua kilikuwa kimekua lini.

"Ni sisi, Mama," alisema, na kilio kikamjia kikubwa, bila aibu. "Jasho letu. Mimi asubuhi, wewe mchana. Tumemfuta kwa kumshika."

Mama mkwe hakulia. Alikaa na kipande cha chuma mapajani, mwanga umeangukia gauni lake kwa umbo la mkono ambao haukuwa wa mtu wao. Alikaa hivyo mpaka mchele ukaanza kudonolewa na kuku wa jirani na hakuna aliyemfukuza.

"Sasa tungemshika na nini?" akauliza.

Mama Vibati alivua glavu, akaziweka chini, akauchukua mkono wa yule mzee.